Bamba, Bawa na Risasi

Mzamiaji anayeishi Moshi ana maji ya aina mbili, na yote anayafikia kwa gari. Akishika barabara kuu kupitia Himo, Same, Mombo na Korogwe, kilomita kama 350 baadaye yuko Tanga, penye bahari ya uvuguvugu, matumbawe, na hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009 kumlinda silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa huko wamekuwa wakimnasa tangu 2003. Pale Himo akiiacha barabara ya Same na kuelekea Rombo, haitachukua muda mrefu kabla hajasimama kwenye ukingo wa Ziwa Chala.

Chala ni shimo la volkano kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro. Mpaka wa Tanzania na Kenya unalikata katikati. Maji yake mengi hayaingii kwa mto: ni mvua ya msitu wa mlimani iliyopenya ardhini na kutokea humo shimoni. Kina chake kinapita mita 90, kuta zake ni za mwamba, na chini kabisa maji hayana oksijeni, ndiyo maana tope la sakafuni limetulia tabaka juu ya tabaka bila kuvurugwa na kiumbe chochote. Mwaka 2016 wanasayansi wa mradi wa DeepCHALLA walitoboa tope hilo kwa takribani mita 215, wakatoa kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka kama 250,000. Ni ziwa la kustaajabisha, lakini nimelitaja kwanza kwa sababu nyingine: ni maji baridi, na liko karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari. Vifaa vilivyokutosha Tanga havitakufaa vilevile hapa. Asiyeelewa sababu yake hajaelewa bado uzito anaoubeba mgongoni.

Vifaa ninavyovizungumzia ni vya aina moja mahususi. Vituo vingi vya kuzamia vya pwani yetu hukodisha jaketi: vazi lenye mifuko ya hewa mbavuni na mabegani, lililotengenezwa limkae kila mtu, mwembamba kwa mnene. Bamba na bawa ni njia nyingine. Bamba ni kipande cha chuma au alumini chenye mkunjo katikati, kinachokaa mgongoni kuanzia chini ya shingo hadi kiunoni. Mkanda mmoja mrefu wenye upana wa sentimita 5 hupitishwa kwenye matundu yake, ukawa mikanda ya mabega na ya kiuno bila kiungo kingine zaidi ya bizimu moja, na mkanda wa pili hupita katikati ya miguu kuzuia bamba lisipande kuelekea kisogoni. Kati ya bamba na mtungi hulala bawa, yaani mfuko wa hewa wenye umbo la kiatu cha farasi au la duara. Ukiutia hewa unapanda, ukiitoa unashuka. Mfumo huu ulizaliwa miongoni mwa wazamiaji wa mapango ya kaskazini mwa Florida. Greg Flanagan ndiye anayetajwa kuubuni mwaka 1979, na William Hogarth Main akauchonga hadi ukabaki na vitu vya lazima tu.

Wengi hununua bamba kwa kuvutiwa na wepesi wake. Mimi nalipenda kwa sababu linamlazimisha mtu kupiga hesabu. Jaketi ina mfuko mkubwa unaoficha makosa. Ukipewa risasi za kuzamishia kilo 4 za ziada, unaongeza hewa na safari inaendelea. Bamba na bawa dogo havina pa kuficha kosa hilo.

Hesabu yenyewe inaanzia mwisho wa mzamo. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu swali wanalouliza ni la mwanzo: nibebe risasi ngapi ili nizame? Kila mtu atazama akiongezewa risasi. Swali la kuuliza ni hili: mtungi ukiwa umekaribia kuisha, niko mita 5 chini ya uso nikingoja dakika 3 za usalama, na bawa halina hewa hata kidogo, je, nitatulia palepale, nisipande wala nisishuke? Uzito unaokuwezesha kufanya hivyo ndio uzito wako. Ukipungua, utavutwa juu wakati ambao mwili unahitaji kusubiri. Ukizidi, ziada yote itabidi ibebwe na hewa ya kwenye bawa tangu dakika ya kwanza, na hewa hiyo itatanuka na kusinyaa kwa kila mita unayopanda au kushuka. Ndiyo maana mzamiaji mwenye risasi nyingi huonekana akibonyeza kitufe kila mara, miguu ikining'inia, mapezi yakigonga matumbawe.

Mwisho una umuhimu huo kwa sababu hewa ina uzito. Mtungi wa kawaida wa alumini wa lita 11, ukijazwa hadi baa 200, una kama lita 2,200 za hewa. Lita moja ya hewa ina gramu 1.2, kwa hiyo umebeba karibu kilo 2.7 za kitu utakachokivuta na kukitoa kwa mdomo. Mtungi huo ukijaa huzama kidogo, kama gramu 700. Ukiisha, huelea kwa karibu kilo 2. Mtungi umekaa mgongoni uleule, lakini sasa unakuvuta kwenda juu.

Tumchukue mzamiaji wa kilo 75, mwenye suti ya mpira ya milimita 3, anayekwenda Tanga. Akiwa na suti peke yake, bila mtungi, mapafu yakiwa na nusu pumzi, anahitaji kilo 3 ili maji yamfike machoni. Usichukue namba hii kama yako. Mfupa, nyama na mafuta hutofautiana, na hata umri wa suti una sehemu yake. Huyu wetu ni kilo 3. Ongeza kilo 2 za mtungi uliokwisha. Toa kilo 1, ambayo ni uzito wa regyuleta, kifaa cha kupumulia, ndani ya maji. Anahitaji kilo 4.

Sasa ndipo bamba linapoingia. Bamba la stenlesi lenye unene wa milimita 3 hivi lina kilo 2.7 nchi kavu, na likiingia majini hubaki na nguvu ya kuzamisha ya takribani kilo 2.3. La alumini lina kilo 1 kasoro nchi kavu, na majini halifiki hata gramu 600. Akichagua stenlesi, anabakiwa na kilo 1.7 za kutafuta: risasi mbili za kilo moja moja zinamtosha. Akichagua alumini, ataning'iniza kilo 3 na nusu. Kwa Tanga, kwa mtu huyu na mtungi huu, ningechagua stenlesi bila kusita. Uzito wake umelala juu ya mapafu, sehemu ya mwili inayoelea kuliko zote, kwa hiyo kifua kinashuka, miguu inanyanyuka, na mwili unalala sambamba na sakafu ya bahari bila kulazimishwa. Risasi zote zikikaa kiunoni, miguu ndiyo huzama.

Mchukue mtu huyohuyo umpeleke Chala. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi, bahari yenye joto kama yetu ikiwa pungufu kidogo. Lita moja ya maji baridi ni kilo 1. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa ukubwa wa mtu mzima na vifaa vyake. Mzamiaji wetu, pamoja na mtungi na kila alichovaa, anachukua nafasi ya karibu lita 97. Maana yake ni kwamba maji ya Chala yanamwinua kwa nguvu pungufu ya kilo 2 na robo au zaidi kuliko yale ya Tanga. Hitaji lake la kilo 4 limeshuka hadi chini ya kilo 2. Lakini bamba lake la stenlesi peke yake ni kilo 2.3. Hajaweka risasi hata moja, na tayari amezidisha.

Nusu kilo ya ziada haimwui mtu. Jambo linalonisumbua ni kwamba hana cha kupunguza. Uzito wote aliobakiwa nao umefungwa kwenye mwili wake, na siku bawa likipasuka hana kipande cha kukitupa. Kwa maji baridi, mtu huyu avae bamba la alumini na kuongeza risasi kilo 1 hivi kwenye mkanda unaofunguka kwa mkono mmoja. Ndiyo maana kwa anayeishi Moshi nashauri mabamba mawili. Umbali kati ya matundu ya katikati ya bamba umezoeleka duniani kuwa sentimita 28, hivyo bawa lilelile linahama kutoka bamba moja kwenda lingine.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye chuma juu ya chuma. Mitungi ya chuma ya lita 12 inapendwa kwa sababu hata ikiisha haielei. Nyingi hubaki na kilo 1 hivi ya kuzama. Iweke juu ya bamba la stenlesi, mgongoni kwa mtu wetu wa suti ya milimita 3, baharini. Mwisho wa mzamo mtungi unamvuta kilo 1, bamba 2.3, regyuleta 1: jumla 4.3, na mwili wake ulihitaji 3 tu. Amezidi kilo 1.3 wakati mtungi ukiwa umekwisha. Sasa rudi mwanzo. Ongeza karibu kilo 3 za hewa iliyojaa. Mshushe mita 30, mahali ambapo viputo vya hewa ndani ya mpira wa suti vimebanwa na suti imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuelea, tuseme kilo 1 na nusu. Anavutwa chini kwa zaidi ya kilo 5 na nusu, na hana risasi ya kuachia. Bawa likiwa zima hatahisi chochote. Likitoboka, atapiga mapezi kwa nguvu zake zote, akitumia hewa kwa kasi ambayo mtungi hautaivumilia, na kwenye kuta za Pemba chini yake kuna mamia ya mita za maji. Watu wanaozamia na fulana tu, kwa kuwa bahari yetu ina joto, wako katika hali mbaya kuliko hiyo, maana hawana hata ueleaji wa suti.

Linganisha na hesabu ya kwanza, ya mtungi wa alumini na risasi 2 za mkanda. Akiwa mita 30 mtungi ukiwa umejaa, anavutwa chini kwa kilo 4 na kidogo. Akiachia mkanda zinabaki 2 na nusu hivi. Kwa uzito huo mtu mwenye afya anaweza kuogelea kwenda juu, na kila anapopanda suti inatanuka na kumsaidia. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila mpangilio: je, bawa likifa nikiwa chini kabisa na mtungi umejaa, nitafika juu kwa miguu yangu? Mpangilio unaoshindwa mtihani huo nauacha, hata uwe mzuri kiasi gani kuutazama.

Ukishajua namba hizi, ukubwa wa bawa unajitaja. Linatakiwa kubeba uzito wa hewa mwanzoni mwa mzamo pamoja na kile suti inachopoteza. Kwa mtu wetu ni kilo 4 na kidogo. Linatakiwa pia kuvielesha vifaa vyenyewe usipokuwa umevivaa, pale unapovivua majini kabla ya kupanda mashua, na kukiweka kichwa chako juu ya mawimbi. Bawa la kuinua kilo 10 hadi 13 linayatimiza yote hayo kwa mtungi mmoja. Mabawa ya kilo 20 na zaidi ni ya mitungi pacha. Ukilifunga bawa kama hilo kwenye mtungi mmoja, kingo zake hujikunja kuuzunguka mtungi na hewa hufichama kwenye mikunjo, na wakati wa kupanda, hewa inayokataa kutoka ndiyo inayokurusha juu.

Bamba halihitaji kuagizwa nje. Moshi ina mafundi wa kutosha wa kukata na kukunja stenlesi, na mtu akiwapelekea kiolezo cha karatasi ngumu na kipimo cha matundu watafanya kazi safi. Sisitiza mambo mawili: isiwe chuma cheusi kilichopakwa rangi, kwa kuwa chumvi itakila ndani ya msimu mmoja, na kingo za kila tundu zisuguliwe hadi kidole kisihisi ukali, kwa sababu mkanda unaokatika hukatikia hapo. Risasi ni jambo la kuwa nalo makini zaidi. Wapo wanaoyeyusha betri za magari na kumimina chubwi za nyavu, na ni rahisi kushawishika kumimina vipande vyako vya kuzamia. Moshi wa risasi ni sumu inayowaingia watoto kuliko wakubwa, na haupaswi kufukizwa kwenye ua wa nyumba ya mtu. Nunua zilizokwisha kutengenezwa.

Namba zote hizi ni za karatasi mpaka zithibitishwe majini. Bwawa la kuogelea la mjini linatosha kwa hatua ya kwanza. Chemka, zile chemchemi za Kikuletwa upande wa Boma Ng'ombe, ni pazuri zaidi asubuhi ya siku ya kazi kabla wageni hawajafurika: maji ni baridi kwa maana ya kutokuwa na chumvi, na ni maangavu kiasi kwamba mwenzako aliye ukingoni anaona mwili wako umelala vipi. Ingia ukiwa na mtungi uliobakiwa na baa 40 au 50. Toa hewa yote kwenye bawa, simama wima, vuta nusu pumzi na usikoroge maji kwa mikono. Maji yakufike machoni. Ukitoa pumzi, ushuke polepole. Kisha lala kifudifudi ukiwa umetulia kabisa, bila kupiga mapezi, umwombe mwenzako akuambie kinachozama kwanza. Miguu ikishuka, sogeza mtungi juu kidogo kwenye mikanda yake, au hamisha risasi moja kutoka kiunoni hadi mkanda wa juu wa mtungi. Fanya badiliko moja kwa wakati mmoja, ujue kipi kimeleta nini.

Chala si pa kujaribia uzito. Mwaka 2002 mwogeleaji kijana kutoka Uingereza aliuawa humo na mamba, na yeyote anayetaka kuingia anapaswa kuwa na ruhusa, wenyeji wanaolijua ziwa, na sababu nzito. Kuna pia safari ya kuteremka. Kutoka ukingoni hadi kwenye maji ni mteremko mkali wa mawe, na seti kamili yenye mtungi wa alumini uliojaa, bamba la stenlesi, bawa na regyuleta inakaribia kilo 24. Kwenye malango ya Kilimanjaro mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, hupimwa kwa mizani usizidi kilo 20, na yeye ni mtu aliyezoea kazi hiyo. Tanga unavaa vifaa ukiwa umekaa kwenye ubao wa mashua. Chala ungevibeba mwenyewe, ukapanda navyo tena umechoka. Hii nayo ni hoja ya bamba la alumini.

Mwinuko una mambo yake pia. Kwenye mita 880 shinikizo la hewa ni kama sehemu 9 kati ya 10 za lile la baharini. Tanga unahitaji kushuka mita 10 ili shinikizo liongezeke maradufu na kiputo cha hewa kisinyae nusu. Chala mita 9 na kidogo zinatosha. Hewa ya bawa hubadilika kwa haraka zaidi karibu na uso, mahali pale pale unapotaka kutulia. Kompyuta ya kuzamia lazima ijue iko juu na iko kwenye maji baridi, na mzamo wa mita 18 uhesabiwe kana kwamba ni wa mita 20.

Mwinuko huo unakungoja hata ukiwa umezamia baharini tu, kwa sababu nyumbani ni mlimani. Kutoka Tanga hadi Moshi unapanda mamia ya mita, na kama kwenu ni Marangu au Kibosho unaendelea kupanda, ukiwa bado na naitrojeni mwilini. Mapendekezo ya kimataifa kwa wanaopanda ndege baada ya siku kadhaa za kuzamia ni kungoja angalau saa 18. Mimi hulala Tanga na kuondoka kesho yake mchana. Kwa anayetaka kupanda Kilimanjaro sina maneno ya kulainisha: kambi ya kwanza ya njia ya Machame iko karibu mita 3,000, juu kuliko shinikizo linaloruhusiwa ndani ya ndege ya abiria, ambalo ni sawa na mita 2,400. Apande mlima kwanza, azamie baadaye.

Weka daftari lenye kurasa mbili, moja ya chumvi na moja ya maji baridi, na kwa kila mzamo andika suti, mtungi, bamba, risasi, na jinsi ulivyotulia kwenye mita 5 mwishoni. Kabla ya kufunga mizigo ya pwani, mpigie simu mwenye kituo umuulize mitungi yake ni ya nini na ni ya lita ngapi. Akikujibu ni ya chuma, bamba la stenlesi libaki Moshi, la alumini ndilo lisafiri.